Bosi wa zamani kapigiwa simu, kazi mpya imeota mbawa. Kisheria anaruhusiwa kusema nini?

Kasha la Kipawa (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni. Nina jambo limenikaba kooni. Ma-HR na wajuzi wa sheria za kazi mliomo humu nisaidieni kabla sijafanya ujinga.

Nimekaa stoo ya kampuni moja hapa Dar miaka minne na miezi saba. Mwaka jana mwezi wa kumi tulihesabu mzigo, zikapungua katoni 32 za sabuni. Stoo ile ina funguo tatu: mmoja wangu, mmoja wa msimamizi, mmoja unakaa ofisini kwa bosi. Nikaambiwa niandike maelezo, nikaandika. Baada ya hapo sikuitwa kwenye kikao chochote, sikupewa barua ya onyo, mshahara haukuguswa. Ila salamu za bosi zikapoa. Mwezi wa kumi na mbili nikaona isiwe tabu, nikaandika barua ya kuacha kazi, nikatumikia notisi yangu ya siku 28, nikakabidhi ufunguo kwa maandishi. Siku ya mwisho soda zilinywewa, bosi mwenyewe akanipa mkono.

Mwezi uliopita nikafanya usaili Mwanza. Ulikwenda vizuri mno, nikaambiwa nijiandae kuripoti tarehe moja, wamebakiza kuwasiliana na wadhamini wangu tu. Bosi wa zamani nilimweka namba moja kwenye CV, maana usipomweka mwajiri wa mwisho wanakushuku. Kimya. Siku ya tisa napiga simu naambiwa nafasi imesitishwa. Usiku mtu wa palepale aliyenihurumia akanipigia: "Kaka, mzee wako kakumaliza. Kasema uliondoka na kesi ya wizi stoo, tena kasema wewe ni mtu wa kuumwaumwa, kila mwezi kliniki ya kifua."

Ni kweli, 2022 nilitibiwa TB. Miezi sita, nikapona, karatasi za kliniki ninazo. Ruhusa nilikuwa naomba kwa HR, mlango umefungwa. Leo siri ile iko Mwanza, kwa watu nisiowajua.

Naombeni kujua: ana haki ya kusema hayo? Cheti cha utumishi sikupewa, na wala sikujua kama kuna kitu kama hicho. Naomba kuwasilisha.

Ngurumo ya Nyamagana

Pole sana mkuu. Taja kampuni tuijue, tusije tukaomba kazi huko.

Karani Mstaafu

Usitaje. Ukitaja humu, wewe ndiye utakayeitwa mahakamani kwa kashfa, na katoni zako 32 zitabaki palepale.

Nipe muda nile, nitarudi na maelezo.

Binti Sahare

Mimi niko HR mwaka wa kumi na moja sasa, kwa hiyo nikueleze kinachofanyika upande wa pili wa simu.

Kampuni zilizojipanga hutuma fomu ya ukurasa mmoja. Tarehe ya kuanza, tarehe ya kuondoka, cheo, sababu ya kuondoka, mahudhurio, uaminifu. Halafu chini kabisa kuna kimstari: "Je, ungemwajiri tena? Ndiyo / Hapana." Watu wanahangaika na safu ya uaminifu, kumbe anayekuua ni huyo "Hapana" wa mwisho, hana maelezo, hana sababu, na aliyeandika hana cha kujibu. Mimi kile kimstari huwa nakipitisha kalamu na kuandika "hatutoi maoni". Najaza tarehe na cheo, nagonga mhuri, basi.

Lakini uchafu wenyewe uko kwenye simu. Karatasi ina sahihi, mtu anapima maneno. Simu inapigwa saa nane mchana, bosi ametoka kula, anaulizwa "unamkumbuka fulani?" anaguna: "Aaah, huyo kijana..." kisha ananyamaza. Hajasema kitu, ila huko upande wa pili jina lako limeshapigwa mstari.

Kosa la ofisi yenu lilianzia ndani. Faili la mtu lina mambo yaliyothibitika na mambo yaliyoshukiwa tu. La kuthibitika ni lile lililopita kwenye kikao cha nidhamu, mtu akasikilizwa, uamuzi ukaandikwa. Katoni zako hazikufika huko. Na karatasi za hospitali hazitakiwi kukaa humo kabisa. Kwangu ziko droo ya peke yake, ufunguo ninao mimi. Bosi akija kuuliza fulani anaumwa nini, namwambia ameruhusiwa siku tatu.

Swali dogo: HR wako alimwambiaje bosi habari za kliniki?

Kasha la Kipawa

Binti Sahare, ofisi yetu HR na bosi ni mtu na shemeji yake. Jibu utakuwa umelipata.

Karani Mstaafu

Nimerudi. Mimi si wakili, nimekaa masjala hadi nikastaafu, majalada ya kazi nimeyabeba sana kwapani. Kwa hiyo yachukue haya kisha ukahakikishe kwa wakili.

La kwanza, cheti. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Na. 6 ya 2004, kifungu cha 44, ndicho kinachoorodhesha unachodai ajira inapokoma: mshahara wa siku ulizofanya kazi, likizo usiyoichukua, na mengineyo. Kifungu kidogo cha (2) kinasema mwajiri atatoa cheti cha utumishi. Ni wajibu wake. Hukifanyii kazi ya kubembeleza, na haijalishi kama mliagana kwa soda au kwa matusi.

La pili, na hapa ndipo wengi wanapojidanganya: cheti si sifa. Cheti kinasema ulikuwepo. Sheria hiyo haimlazimishi mwajiri akuandikie kwamba wewe ni mchapakazi, mwaminifu, mcha Mungu. Barua ya kukusifia ni hisani. Na vilevile usitegemee kukuta kifungu kinachomfunga mdomo asiseme lolote. Anaweza kusema. Suala ni anasema nini, na ana uhakika gani.

Akisema la kweli na ana karatasi zake, huna kesi hata kama limekunyima kazi. Ukifukuzwa kwa wizi baada ya kikao halali, halafu akaulizwa akasema "alifukuzwa kwa wizi", hapo amesema ukweli tu.

Akisema la uongo linalokushushia heshima mbele ya mtu wa tatu, hiyo ni kashfa. Ila sheria ya kashfa ina kinga yenye masharti kwa mtu anayejibu swali la mwajiri mwenzake, kwa kuwa mmoja ana sababu ya kuuliza na mwingine ana sababu ya kujibu. Kinga hiyo inavunjika ukithibitisha alisema kwa nia mbaya, anajua si kweli au hajali kama ni kweli. Na nia ya mtu iko moyoni, kuitoa hadharani ni kazi.

Kwako wewe maneno aliyotumia ni mazito. "Kesi ya wizi." Kesi ipi? Polisi ulipelekwa? Kikao kilikaa? Angesema "ulitokea upungufu wa mzigo na hatukukamilisha uchunguzi", angekuwa salama.

Mzee wa Jumla

Naona mwajiri anasulubiwa tu humu. Mimi nina duka la jumla, nimeajiri vijana sita. Mwaka juzi mmoja alinila pesa za mauzo, tukamalizana kifamilia, baba yake akalipa. Akaomba barua nikamwandikia vizuri, nikisema Mungu atanilipa. Miezi mitano baadaye mtu wa Morogoro ananipigia analia: "Mzee, barua yako ndiyo iliyoniponza." Niambieni, nifanyeje? Nikisema ukweli mnanishtaki, nikinyamaza mwenzangu anaibiwa.

Karani Mstaafu

Mzee wangu, shikamoo. Hukutakiwa kuandika barua ile. Hakuna aliyekulazimisha kumsifu. Ungempa cheti chenye tarehe na cheo, ukaishia hapo. Ukisifia mtu huku ukijua ni mwizi, aliyekuamini akapata hasara anaweza kukugeukia wewe.

Nikupe kesi inayowahusu wewe na mleta uzi kwa pamoja. Uingereza kulikuwa na bwana mmoja, Graham Spring, muuza bima. Aliachishwa kazi, akaomba kwingine, kampuni ya zamani, Guardian Assurance, ikawaandikia hao wa kwingine kwamba ni mtu asiye mwaminifu. Kazi ikamkimbia. Jaji aliyesikiliza kesi akaona walioandika hawakuwa na chuki, waliamini wanachokisema. Kwa hiyo upande wa nia mbaya akashindwa. Lakini mwaka 1994 Baraza la Malodi, lililokuwa mahakama yao ya juu kabisa wakati huo, likasema hivi: kuamini hakutoshi. Mwajiri anayetoa maelezo juu ya mtu aliyemfanyia kazi ana wajibu wa uangalifu kwa huyo mtu. Kama hukuchunguza ukaandika, huo ni uzembe, na uzembe unalipiwa.

Hukumu ya London haiifungi mahakama yetu, ila sheria yetu ya madhara, yaani ya kudai fidia kwa aliyekuumiza, imetoka kwenye chungu kilekile na mawakili huku wanazitumia hukumu hizo kushawishi. Tazama sasa katoni 32: funguo tatu, mtuhumiwa mmoja, kikao hakuna.

Mtaa wa Saba

Wazee wa sheria mmesahau TB. Hilo la afya ni zito kuliko hata wizi, na halihitaji kuwa uongo ndipo liwe kosa.

Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, Na. 11 ya 2022, imeanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Taarifa za afya zimo kwenye kundi la taarifa nyeti, haziguswi bila ridhaa ya mwenyewe ila kwa sababu chache zilizotajwa. Wewe ulimpa HR taarifa ili upate ruhusa ya kwenda kliniki. Hukumpa ili aje akuchambue nazo kwa mwajiri wa Mwanza. Taarifa iliyokusanywa kwa shughuli moja haihamishiwi shughuli nyingine kiholela, ndiyo roho ya sheria yenyewe.

Una haki ya kumwandikia umuulize anashikilia taarifa zako gani na kamgawia nani, na yaliyo na makosa yarekebishwe. Akikaza shingo, malalamiko yanakwenda Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi.

Ngurumo ya Nyamagana

Kumbe hata ugonjwa ukiwa wa kweli haruhusiwi? Leo nimejifunza.

Wa Kisauni

Salamu kutoka Mombasa. Kwetu Kenya mambo haya yamepigwa mstari vizuri kidogo, si vibaya mkalinganisha.

Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 51. Ukifanya kazi wiki nne mfululizo au zaidi, ukiondoka lazima upewe cheti. Na yaliyomo yametajwa moja moja: jina la mwajiri na anwani yake ya posta, jina lako, siku uliyoanza, kazi yenyewe na mahali ulipokuwa ukiifanyia, siku uliyokoma. Kisha sheria yenyewe yasema wazi kwamba mwajiri halazimiki kutoa barua ya tabia wala ya utendaji. Lakini akikataa kukupa cheti kwa makusudi, au akatia neno analojua ni la uongo, ni jinai: faini isiyozidi shilingi 100,000 au kifungo kisichozidi miezi 6, au vyote viwili.

Mimi mwenyewe nilinyimwa. Hoteli moja huku pwani, meneja asema "rudisha sare kwanza". Sare nimeirudisha, asema "subiri mhasibu". Wiki sita nasubiri mhasibu. Nikapiga chapa kifungu cha 51 kwa karatasi moja, nikakikolezea rangi ya manjano pale penye neno kifungo, nikampelekea mezani. Cheti kilitoka kabla ya adhuhuri.

Kuhusu kashfa, huku muda ni mfupi: miezi 12 tu. Watu wengi huja kushtuka wakati mlango umefungwa. Na kwa habari za afya twaenda Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data, chini ya sheria ya 2019. Nayo yapewa siku 90 kumaliza lalamiko.

Jogoo la Deira

Niko Dubai, nachangia kwa kifupi. Sheria ya kazi ya Imarati ya 2021 inamtaka mwajiri akupe cheti cha uzoefu bure ukikiomba. Kinakuwa na tarehe, cheo, mshahara wa mwisho na hata sababu ya kuondoka, ila wamekataza kisiwe na neno la kukuharibia jina au kukubania kazi nyingine. Kwa karatasi wako vizuri. Kwa simu, meneja na meneja wanajuana kwenye chai, hapo sheria haifiki.

Mwali wa Ubungo

Mbona mnazunguka? Mkuu, tafuta rafiki ajifanye HR wa kampuni fulani, ampigie huyo bosi, arekodi. Ushahidi huo hapo, asubuhi unakwenda nao kwa wakili.

Binti Sahare

Mwali, hilo nimeona likimrudia mtu. Kwanza rafiki anajitambulisha kwa jina la kampuni ambayo si yake. Pili wakili wa upande wa pili atasema wewe ndiye uliyemtuma mtu aje kuyasikia, sasa unalalamika umesikia. Tatu, huo uongo ukijulikana ndio utakaosimuliwa kwenye simu inayofuata.

Njia iliyonyooka: mwombe mtu wa Mwanza aandike alichoambiwa, siku, saa, na nani. Kama ataogopa, muulize basi kama fomu ilijazwa.

Mwali wa Ubungo

Ataandika nani dada yangu? Aandike apoteze kazi yake? Hapa ndipo sheria zenu zinapokwamia.

Mzee wa Jumla

Huyo binti wa Ubungo kasema kweli.

Karani Mstaafu

Amesema kweli, sibishi. Majalada mengi ya kashfa ya mdomo nimeyaona yakifia hapo, shahidi haonekani. Ndiyo maana namwambia kijana aanze na lile lisilohitaji shahidi: cheti.

Andika barua leo, peleka mkono kwa mkono, nakala yako wagonge "imepokelewa" na tarehe. Muda ni mdogo. Migogoro ya kuachishwa kazi inapelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, ndani ya siku 30. Migogoro mingine ndani ya siku 60 tangu ilipojitokeza. Wewe uliondoka mwishoni mwa Desemba na leo tuko katikati ya Machi. Watakubishia kwamba siku zimepita, na wewe utasema mgogoro umezaliwa siku walipokataa barua yako. Ukionekana umechelewa kweli, kuna maombi ya kuongezewa muda, ila lazima uwe na sababu ya maana. "Sikujua sheria" huwa haiwasogezi.

Usichanganye madai. Cheti barua yake, taarifa za afya barua yake.

Binti Sahare

Na kwenye CV ondoa namba ya bosi. Weka ofisi: namba ya mezani ya HR na barua pepe ya kampuni. Anayeuliza kwa barua pepe hujibiwa kwa barua pepe, na maandishi yanabaki. Mdhamini wa pili awe mtu aliyekuona ukifanya kazi, si lazima bosi mkuu: msimamizi wa zamu, mkaguzi wa nje aliyehesabu naye mzigo, hata mteja mkubwa. Matangazo ya Sekretarieti ya Ajira huwa yanataka wadhamini watatu, hivyo wazoee kuwa nao watatu na uwapigie kabla hujawaandika. Wengi hawafanyi hivyo. Nimewahi kumpigia mdhamini akaniuliza "huyo ni nani?"

Na ukiulizwa kwenye usaili kwa nini uliondoka, sema mwenyewe habari ya upungufu kabla hawajaisikia kwingine. Sentensi tatu: ulitokea, niliandika maelezo, hakuna hatua iliyochukuliwa dhidi yangu na nakala ninayo. Una nakala ya maelezo yako?

Kasha la Kipawa

Ninayo, nilipiga picha kwa simu siku ileile. Kesho barua zinakwenda, zote mbili. Asanteni sana wakuu, nitaleta mrejesho.

Kasha la Kipawa

MREJESHO, wiki tatu baadaye.

Barua ya cheti niliipeleka mwenyewe, mlinzi akanisindikiza hadi mapokezi kama mgeni, ofisi niliyokaa karibu miaka mitano. Nilitaja kifungu cha 44(2). Siku ya nne HR akapiga simu: "Njoo tuyaongee kama watu wazima." Nikamjibu niko safari, naomba majibu kwa maandishi. Siku ya kumi nikaitwa kuchukua. Cheti kina tarehe zote mbili, kina cheo, na kwenye sababu ya kuondoka wameandika "kuacha kazi kwa hiari". Mhuri upo. Nimekitolea nakala tano.

Barua ya taarifa binafsi imejibiwa kwa mistari miwili: kampuni "haijawahi kutoa taarifa za afya za mfanyakazi kwa mtu yeyote". Basi. Mtu wangu wa Mwanza nilimwomba aandike, akaniambia, "Kaka, nina watoto watatu." Simlaumu. Nimeongea na wakili mmoja, akasema kashfa tuiweke pembeni kwa sasa, lalamiko kwa Tume ya Taarifa Binafsi tunaweza kulipeleka na hiyo barua yao ya kukana, kwa sababu sasa wamejifunga kwa maandishi. Bado natafakari.

Nafasi ya Mwanza imeshajazwa. Nimefanya usaili mwingine Kibaha, kiwanda. Habari ya upungufu nimeisema mwenyewe kama Binti Sahare alivyonielekeza. Yule mama aliyekuwa ananisaili aliniuliza jambo moja tu: "Funguo zilikuwa ngapi?" Nikasema tatu. Akaandika kitu kwenye daftari lake, tukaendelea.

Wa Kisauni

Hongera kwa cheti ndugu yangu. Nakala moja mwekee mama nyumbani.

Ngurumo ya Nyamagana

Na zile katoni 32 ziliishia wapi?

Kasha la Kipawa

Mlinzi ameninong'oneza nilipokuwa natoka getini. Februari walihesabu tena, mimi sipo. Zimepungua 19.